Uzi: Simuleta za zamani za ndege za vita na vyombo vya anga za juu – ule ugumu, raha yake ilikuwa wapi?

NahodhaWaTudor (mwenye uzi)

Salaam aleikum wana jukwaa, na wazee nyote shikamoo.

Likizo hii ya Agosti mpwa wangu wa miaka 15 amekuja kukaa kwangu Tudor, Mombasa. Siku ya pili nikamwekea kwenye laptopu X-Wing na TIE Fighter, gemu za kurusha vyombo vya vita vya Star Wars, ile ya 1993 na ile ya 1994. Zilirudi kuuzwa rasmi mwaka 2014 na zinafunguka kwenye mashine za leo bila taabu. Nikamwambia keti hapa, haya ndiyo yaliyomlea mjomba wako.

Akaanza na X-Wing. Misheni ya kulinda meli za mizigo ikamshinda mara kumi na moja. Nilikuwa nimeketi kitandani nyuma yake natafuna mabuyu, nikihesabu kimya kimya. Baada ya mara ya kumi na moja akavua hedifoni, akaniambia kwa adabu kabisa: "Mjomba, hii si gemu, huu ni mtihani." Akatoka kwenda barazani kwa wenzake.

Sikumjibu. Usiku nyumba ilipolala nikaketi mimi. Nilishindwa mara nne. Ya tano nikapita, na mikono inatetemeka kwa furaha, mtu mzima wa miaka 44 mwenye kazi asubuhi. Tangu usiku ule najiuliza: furaha ile ilitoka wapi hasa, na kwa nini yeye hakuipata?

Nianze na ninachokijua. Katika X-Wing chombo chako kina umeme wa kiasi, nawe ndiwe unayeugawa kati ya leza, ngao na injini. F9 ni ya leza, F10 ni ya ngao. Ukiongeza kuchaji ngao, mwendo unashuka. Ukizima kuchaji leza unaenda mbio, lakini unamfikia adui huna cha kumpigia. Na hizo ngao zenyewe kuna ya mbele na ya nyuma, utaamua wewe uipe nguvu ipi. Kwa hivyo hata kabla hujafyatua, kichwa kimeshafanya kazi ya nahodha: tanga kiasi gani, shehena kiasi gani, upepo unatoka wapi. Ugumu huo naupenda mpaka leo na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na ugumu wa pili uliomo humo humo. Umeagizwa kulinda meli. Unapigana vizuri upande mmoja, huku upande wa pili linatokea kundi la ndege za mabomu ambalo hukuwa na njia yoyote ya kulijua. Ukigeuka, meli imekwisha. Mara ya pili unajua watatokea wapi, unawangoja pale pale. Yaani huwezi kushinda mpaka kwanza ushindwe, na kushindwa kule hakukukufundisha urubani, kumekufundisha ratiba. Huko ni kukariri.

TIE Fighter ilitengenezwa na watu wale wale, Lawrence Holland na wenzake, na nadhani walijirekebisha. Ilikuja na viwango vitatu vya ugumu, na kila misheni ikawa na malengo ya lazima, ya ziada na ya siri. Chombo cha kwanza unachopewa hakina ngao kabisa! Risasi chache umekwisha. Mtu angedhani hiyo ndiyo ngumu zaidi. Lakini mimi nilikuwa nikifa humo najua nimekufa kwa nini: nilinyoosha safari muda mrefu mno mbele ya mzinga, ama nilimfuata mmoja nikasahau wa pili.

Kipimo changu ni hicho. Nikishindwa, naweza kumweleza mwenzangu nilipokosea? Nikiweza, narudi. Nisipoweza, naizima.

Nyinyi mwaonaje?

FundiMwembeTayari

Waaleikum salaam, Nahodha. Kabla hatujaingia kwenye falsafa, tumalize ya mashine, maana nusu ya ugumu tuliokula zamani haukutoka kwa waliotunga gemu.

Chukua Wing Commander ya 1990, gemu ya vita vya anga za juu. Mwendo wake ulifungwa kwa kasi ya prosesa. Kwenye 386, prosesa ya wakati ule, inakwenda sawa. Ukiiweka kwenye Pentium, iliyokuja baadaye na yenye kasi zaidi, adui anapita mbele ya kioo kama nzi, hujamwona ameshakupiga. Nakumbuka tukiitwa wazembe na kumbe ni hesabu ya mashine. Ndiyo sababu kompyuta za wakati ule nyingi zilikuwa na kibonye cha "turbo" usoni: watu walidhani ni cha kuongeza kasi, na kazi yake kubwa ikawa kuipunguza ili gemu za zamani zichezeke. Siku hizi DOSBox, programu ya kuendeshea gemu za zamani, ina mpangilio wa "cycles", yaani kasi ya prosesa inayoigwa. Ukiuacha ujipange wenyewe, gemu nyingine zitakwenda sivyo. Ushushe polepole mpaka sauti na mwendo vilingane.

Pili, joistiki. Zile za zamani zilichomekwa kwenye tundu la pini 15, na ndani yake kuna vipimo vinavyochakaa. Kwa hewa yetu ya chumvi vinachakaa mapema zaidi. Chombo kinavuta kushoto chenyewe, nawe unalaumu upepo. Huyo kijana alichezea nini? Kipanya? Kama ni padi ya laptopu, basi yakhe umemwonea.

NahodhaWaTudor

Fundi, nakiri. Ilikuwa padi ya laptopu.

BintiKibokoni

Padi! Kaka Nahodha, mwombe radhi huyo mtoto.

Mimi nakuja na Red Baron ya Dynamix, 1990 hiyo hiyo, ndege za mbao na turubai za Vita vya Kwanza vya Dunia. Hii kwangu ndiyo iliyojibu swali lako miaka mingi kabla hujaliuliza. Hawakukupa "rahisi" na "ngumu" tu. Walikupa ukurasa mzima wa vitu vya kuwasha na kuzima kimoja kimoja: bunduki kukwama, risasi kwisha, mafuta kwisha, jua kukupofusha adui akiwa upande wake, macho kuingia giza ukigeuka kwa nguvu, ndege kugongana. Kila ulichowasha kiliongeza alama zako.

Mimi nilianza na vyote vimezimwa. Wiki ile nikajifunza kugeuka tu na kukaa mkiani mwa mtu. Kisha nikawasha risasi kwisha, nikajikuta nimeacha kumwaga risasi toka mbali, nasogea mpaka naona rangi za mabawa yake. Nikawasha jua. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini Oswald Boelcke, katika kanuni alizowaandikia marubani wa Ujerumani mwaka 1916, aliweka ya kwanza kabisa kupata nafasi nzuri kabla ya kushambulia, na ikiwezekana jua liwe mgongoni mwako. Hakuna mwalimu aliyenisomesha hilo. Nilipofushwa nikapigwa, nikafahamu.

Na ilikuwa na kamera. Pigano likiisha unalitazama tena toka pembe yoyote, mbele na nyuma, unaona pale ulipopanda ukapoteza mwendo, ukasimama hewani kama nazi iliyotundikwa, mwenzako akaja akakuchuma. Nahodha unasema "naweza kueleza nilipokosea?" Red Baron ilikuonyesha kwa macho.

Ugumu uwe kama viungo vya biriani. Kila mtu atie kwa mkono wake, asitiliwe chungu kizima na mtu asiyemjua.

RubaniWaMaji

Nimeufurahia uzi huu. Mimi kazi yangu iko bandarini kwa hivyo nitasema linalonihusu.

Tuna neno moja kwa watu wawili. Rubani ni wa ndege, na rubani ni yule anayepanda meli kubwa nje ya mlango akaiingiza Kilindini. Nahodha amevuka bahari nzima peke yake, lakini mlangoni anampisha mwenyeji, maana penye maji membamba ndipo vyombo vinapovunjika.

Elite ya 1984, gemu ya biashara na vita angani, ilijengwa juu ya jambo hilo. Vijana wawili, David Braben na Ian Bell, waliiandika kwenye BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, wakaingiza ndani yake galaksi nane za sayari 256 kila moja. Unaanza kwenye sayari ya Lave na fedha mia moja. Unaponunua shehena yako ya kwanza, unapigana na maharamia njiani, unafika salama, unadhani umemaliza. Kumbe ugumu mkubwa kuliko maharamia unakungoja: kuingia kituoni. Kituo kinazunguka, na mlango ni mpasuo mwembamba unaozunguka nacho. Ukiuingia kimshazari unapasuka, na shehena yote pamoja nawe.

Watu wengi sana waliiacha hapo. Mimi karibu niiache. Mpaka nikafikiri kama mtu wa bandarini: usiukimbilie mlango, kwanza jipange mbele yake. Ule mlango daima unatazama sayari. Basi pita upande wa sayari, geuka, weka mlango katikati ya kioo ukiwa bado mbali, punguza mwendo mpaka karibu usimame, kisha zungusha chombo taratibu kwa kasi ya kituo mpaka mpasuo ulale. Halafu ndiyo uingie, bila kugusa chochote. Mara ya kwanza nilipofaulu nilisimama nikaizunguka nyumba.

Uzuri wa pili: ukishapata fedha 1,500 unaweza kununua mtambo wa kukuingiza wenyewe. Yaani unaajiri rubani! Nauona ni uamuzi wa hekima mno. Hawakuuondoa ugumu, waliuwekea bei, na bei hiyo unaichuma kwa kufaulu ule ugumu mara kadhaa kwanza. Nilipoununua nilikuwa sina haja nao tena. Niliutumia siku nikiwa nimechoka.

Kijana_Likoni

Shikamooni wakubwa. Nitawapinga kidogo kwa heshima.

Mimi nina miaka 23, nimecheza nyingi ya hizi kwa kuzitafuta mwenyewe, si kwa kulelewa nazo. Naona mnachanganya mambo mawili. Mlikuwa na gemu tatu kwenye flopi. Hamkuwa na pa kwenda. Mtu mwenye gemu tatu ataivumilia yoyote. Mpwa wa Nahodha ana mamia ndani ya simu, kwa hivyo gemu ina dakika ishirini za kumthibitishia kwamba maumivu yake yana maana. X-Wing haikumthibitishia.

FreeSpace 2 ya 1999, ya Volition, nayo ya vita vya anga za juu, ilimheshimu mchezaji zaidi. Viwango vitano vya ugumu, na unaweza kubadilisha katikati ya kampeni. Ukishindwa misheni moja mara tano inakuuliza kama ungependa kuiruka uendelee na hadithi. Na bado ni ngumu! Unapita kati ya manowari mbili za kilomita mbili zinazokatana kwa miale, wewe ni kijidudu kati yake, na kila amri unayompa mwenzako wa ubavuni ina uzito. Mimi niliruka misheni moja tu, nikamaliza kampeni, nikairudia ile niliyoiruka nikaishinda. Kama isingeniruhusu kuruka, nisingerudi.

Iliuza vibaya ilipotoka, lakini msimbo wake ulitolewa wazi mwaka 2002, na watu wameitunza mpaka leo kwa kujitolea. Mtu hatunzi kitu miaka ishirini na zaidi kwa sababu kilimtesa. Kuna kitu kilimpendeza.

NahodhaWaTudor

Kijana, hilo la gemu tatu limenichoma kwa kuwa ni kweli. Lakini si kweli lote. Kulikuwa na gemu ndani ya zile flopi ambazo hatukuzigusa mara ya pili hata tulipokuwa hatuna kingine. Kwa hivyo tulichagua.

Na mtu yeyote aniambie kuhusu Wing Commander. Ile ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Ukishindwa misheni, hairudi nyuma. Vita vinaendelea ukiwa umeshindwa, unapelekwa njia nyingine, mpaka mwisho unaweza kufikia Venice kwa ushindi ama Hell's Kitchen mkirudi nyuma, yote mifumo ya nyota ya humo kwenye gemu. Mwenzako wa ubavuni akifa amekufa. Kuna mazishi. Lilikuwa wazo kubwa: kushindwa nako kuwe sehemu ya hadithi. Na mimi sikuwahi kuiona njia ya kushindwa mpaka nilipokuwa mtu mzima, kwa sababu kila tuliposhindwa tulipakia upya.

BintiKibokoni

Kwa sababu mlikuwa mnacheza hesabu ya saa, kaka. Saiba haikungoji. Nani angelipa shilingi zake kuzama njia ya kushindwa?

Na hapo umenikumbusha jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Kijana anasema hatukuwa na kingine. Mimi nasema tulikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni watu.

Saiba tuliyokuwa tukienda, ile ya ghorofani, ilikuwa na mashine mbili tu zenye kadi nzuri ya michoro. Kiti kimoja, nyuma yake tumesimama wanne, watano. Gemu zilikuja zimenakiliwa, hakuna kitabu. F-19 Stealth Fighter ilikuwa inakuonyesha picha ya ndege uitaje jina, jibu limo kitabuni, na kitabu hatuna. Basi kulikuwa na daftari. Daftari la kurasa mia, kila aliyebahatisha jibu aliandika humo. Vibonye vyote viliandikwa humo. "Wakitokea wa pili, toka kushoto, juu" imeandikwa humo. Lile ulilolalamikia Nahodha, kwamba X-Wing ni kukariri, sisi hatukulihisi kama kukariri, kwa sababu aliyekufa kwanza alituambia. Kifo cha mmoja kilikuwa elimu ya watano.

Na tulikuwa tunarusha wawili wawili! Mmoja kwenye joistiki, wa pili pembeni kwenye kibodi: huyu anageuza, yule anasikiza "ngao nyuma! leza, leza!" na kubonya. Nilikuwa mtu wa kibodi miezi mingi kabla ya kushika usukani, na nilijua F9 na F10 kwa vidole kama najua tasbihi. Ndipo nilipopewa kiti, nusu ya kazi ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Huyo mpwa ulimketisha peke yake, umevaa umjomba wako kitandani, unahesabu vifo vyake kimya. Kwa nini hukusema neno?

MzeeWaBaraza

Binti amesema. Ndivyo na bao lilivyo. Hakuna aliyejifunza bao kwa kusoma. Umechezwa ukafungwa, wazee nyuma yako wanakuambia ulipoacha nyumba yako wazi, kesho unaiziba. Bao bila baraza ni kokwa na mashimo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, nimeingia michezo hii nikiwa tayari nina mvi. Nitasema jambo moja la upande wa ugumu wenyewe, kwa kuwa naona mnausema kana kwamba ni pilipili tu inayotiwa juu. Katika simuleta halisi ugumu ndio somo lenyewe.

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inalifuata. Ukiinua pua, pembe kati ya bawa na upepo unaolikabili inaongezeka, na ubebaji unaongezeka nayo, mpaka kikomo fulani. Ukikipita, hewa inaachana na bawa, na ndege inaanguka. Vijana hudhani jambo hilo hutokea ukiwa polepole tu. La. Hutokea kwa mwendo wowote ukivuta kwa nguvu kupita kiasi. Na bawa moja likiachia kabla ya jingine, ndege inazunguka kama pia. Moyo unakwambia vuta, vuta upande. Dawa yake ni kinyume cha moyo: sukuma usukani mbele, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume cha mzunguko, ngoja. Kule kungoja ndiko kugumu, ardhi inapokujia.

Nilifundisha miaka mingi nikichora bawa ubaoni. Siku nilipoingia kwenye mzunguko ndani ya IL-2 Sturmovik, ile ya 2001 ya Oleg Maddox ya ndege za Vita vya Pili vya Dunia, nikatoka nikiwa na mita mia mbili chini yangu, nilijua kwamba nilikuwa sijaielewa ile picha niliyoichora.

Ndani ya Pacific Fighters ya 2004, iliyojengwa juu ya hiyo hiyo, utaona ya Zero ya Wajapani na Wildcat ya Wamarekani. Zero ni nyepesi, inageuka kwenye duara dogo. Ukiifuata kwenye duara, umekwisha. Wildcat ni nzito na ngumu kufa, inashuka kwa kasi. Basi kaa juu, shuka, piga mara moja, endelea kushuka, panda tena mbali. Aliye juu ni kama jahazi lililo upande wa joshi: yeye ndiye anayechagua lini waonane. John Thach wa wanamaji wa Marekani alibuni na njia ya ndege mbili kupishana ili kila moja imsafishie mwenziwe mkia, na njia hiyo haifanyi kazi kama uko peke yako. Tena kwa taarifa yenu, Wildcat hizo zimekaa mlangoni petu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Ceylon, meli za Waingereza za Kundi la Mashariki zilihamia Kilindini, na manowari za ndege Illustrious na Formidable zilibeba Martlet, jina walilolipa Waingereza ndege hiyo hiyo. Kila nikiirusha huwa nawaza wale vijana wakitazama taa za Kizingo.

Falcon 4.0 ya Desemba 1998, simuleta ya ndege ya vita ya F-16, ndiyo iliyonifikisha mwisho wa uwezo wangu. Kitabu chake kilikaribia kurasa 600, kimefungwa kwenye faili la pete. Ilitoka na hitilafu nyingi, na bado mashabiki wanaiendeleza kwa jina la BMS. Vita vya kubuni vya Korea ndani yake vinaendelea bila kukungoja. Ukilala, daraja ulilovunja linatengenezwa. Nilikaa wiki mbili kabla ya kupiga kombora hata moja. Wiki ya kutua tu! F-16 hutua pua ikiwa juu, pembe ya nyuzi 11 hadi 13, ukifika 15 mkia unasugua lami. Watu waliniuliza, mwalimu, raha iko wapi? Nikawaambia njooni mtazame natua. Wajukuu wangu walikuwa wanapiga makofi magurudumu yakigusa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Gemu nyingi za leo zinakupa kupigana, hazikupi kurudi nyumbani na mafuta kidogo, usiku, taa moja imezimika. Mimi hapo ndipo penye utamu.

Kijana_Likoni

Mwalimu, shikamoo tena. Nimeisoma ile ya ndege kuzunguka kama pia mara tatu. Narudisha nusu ya maneno yangu.

Nusu nyingine nashikilia: mtu mwenye kazi na watoto ana dakika arubaini usiku. Kurasa 600 hana. Kwa huyo, viwango vya ugumu vinamfungulia mlango, wala si aibu.

RubaniWaMaji

Kijana amesema kweli, na hakuna hapa aliyeita aibu. Binti naye alianza na vyote vimezimwa.

Ila kuna ugumu mmoja sitautetea hata kidogo: Frontier, Elite ya pili, 1993. Waliweka sheria za Newton kamili, ukizima injini unaendelea kwenda. Kwa safari ni uzuri usio kifani, unapanga kupunguza mwendo nusu ya njia. Kwa kupigana, mnapishana kama pikipiki mbili Makupa, mnageuka, mnapishana tena. Kweli kifizikia, na bado si pigano. I-War ya 1997 ilitumia sheria hizo hizo ikapata dawa: kompyuta ya chombo inakusaidia kuendesha, nawe unaizima pale unapotaka kuteleza ubavu huku pua inamtazama adui. Kwa hivyo ukweli pekee hautoshi, lazima mtu aketi afikiri utachezwaje.

FundiMwembeTayari

Nahodha, nina joistiki mbili za USB dukani, moja nimeifungua nikabadilisha springi. Pita Alhamisi baada ya alasiri, uchukue ujaribu. Usilipe mpaka kijana aipende.

NahodhaWaTudor

Wana jukwaa, nimerudi baada ya siku tisa.

Binti, maneno yako ya kitandani yaliniuma, nikayafanyia kazi. Joistiki niliichukua kwa Fundi. Sikumrudisha kwenye X-Wing. Nilifungua TIE Fighter kiwango cha rahisi, nikaleta kiti cha plastiki nikakiweka kulia kwake, nikamwambia: wewe ni usukani, mimi ni kibodi, ukitaka kitu sema. Mwanzo alisema kwa aibu. Kufikia misheni ya tatu alikuwa anapiga kelele mpaka mamake akabisha mlango. Alikufa sana. Lakini safari hii kila akifa tunageuziana nyuso, na yeye ndiye anayeanza: "Nilimfuata mno." "Sikutazama rada." Nilikuwa nikingoja kusema, sikupata nafasi.

Juzi akaomba Elite mwenyewe, kwa sababu nilimsomea aliyoandika Rubani. Amepasuka mlangoni siku nzima. Nilimwambia la sayari, la kuzungusha nikamwachia alitafute.

Jana nilikuwa kazini, saa kumi jioni simu ikalia. Hakusema hata salaam.

"Mjomba, nimeingia."

Leo amenunua daftari la kurasa mia. Anauliza kama kuna mtu hapa bado analo lile la saiba, anataka kunakili kurasa za X-Wing kabla shule hazijafunguliwa.

BintiKibokoni

Ninalo. Jalada limetoka na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini X-Wing imo yote, kwa hati za watu wanne. Mlete Kibokoni Jumamosi, nitapika mahamri.